Mbacha Wangu

Mwezi wa Februari mwaka 2024 zilienea habari kwamba gitaa la besi la Paul McCartney, lililoibwa jijini London mwaka 1972, limepatikana. Ni gitaa la Kijerumani, la Höfner, lenye umbo la fidla, ambalo mwenyewe alilinunua mjini Hamburg mwaka 1961 kwa kiasi cha pauni 30, wakati yeye na wenzake wa Beatles walipokuwa bado wakipiga muziki katika vilabu vya usiku vya bandari ile. Liliibwa ndani ya gari, na baada ya zaidi ya miaka 50 likaonekana kwenye dari ya nyumba moja kusini mwa Uingereza. Waliokuwa wakilisaka walifurahi, na mwenyewe akashukuru.

Nami nilifurahi. Lakini furaha yangu ilikuwa na mwiba ndani yake, kwani mimi pia nina gitaa la besi nililolikosa kwa miaka mingi, na langu halikuibwa. Nililitoa kwa mkono wangu, mchana kweupe, nikapeana mkono na mnunuzi na kumshukuru. Aliyeibiwa huweza kumlaani mwizi. Mimi sina wa kumlaani, na wazee wetu walikwisha kuniusia kabla sijazaliwa: usiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa msomaji ambaye hajapata kulishika, gitaa la besi ni lile gitaa zito lenye nyuzi nne nene, ambalo katika bendi husimama nyuma, karibu na ngoma. Uzi wake mnene kuliko yote hutikisika kiasi cha mara 41 kwa sekunde, sauti ambayo kifua huisikia kabla ya sikio. Zamani kazi hiyo ilifanywa na besi kubwa la kusimama, lile ambalo wapenzi wa taarab wa Unguja wamelizoea, refu kuliko mpigaji wake na tabu tupu kulipakia garini. Mwaka 1951, mjini Fullerton, California, fundi redio mmoja aitwaye Leo Fender, ambaye mwenyewe hakujua kupiga gitaa, alitoa gitaa la besi la umeme lenye mwili wa ubao mzima usio na uwazi ndani. Shingoni alilipachika vyuma vyembamba vya kugawa sauti, ili mpigaji akibonya uzi baina ya chuma na chuma apate sauti iliyo sawa bila ya kubahatisha. Kwa ajili hiyo akaliita Precision, yaani usahihi.

Sisi watu wa mashairi tunaijua kazi ya besi kwa jina jingine. Ni mizani. Shairi likitimia mizani hakuna msikilizaji anayeinua kichwa akaisifu; atasifu maneno, atasifu vina, atasifu sauti ya mghani. Lakini ikipungua moja tu, hata mtoto wa chuoni atageuka kutazama. Mpiga besi huishi maisha yake yote katika hali hiyo. Akipatia hajulikani, na akikosea ndipo anapopata jina.

Aliyenifundisha alikuwa mtu mzima wa mtaani kwetu, baharia aliyekwisha kustaafu. Hatukuwa na udugu wa damu, lakini nilimwita Ami na yeye akaniita mwanangu, na hilo lilitosha. Nilimwendea mwaka 1987, nikiwa kijana wa miaka 18 niliyeacha skuli kabla ya wakati, na niliyedhani kwamba kutunga mashairi na kupiga gitaa ni njia mbili za mvivu kujistiri. Gitaa lake lilikuwa Precision. Alilinunua mwaka 1971 katika duka la rehani kwenye bandari ya Baltimore, kwa ujira wa wiki mbili. Wakati ule gitaa kama lile lilikuwa mtumba tu. Hakuna aliyelifungia kabatini, wala aliyelifikiria kuwa ni hazina.

Lilipofika Unguja likaanza maisha ya pwani. Hewa ya chumvi haina huruma kwa chuma wala kwa rangi. Rangi yake ya kiwandani ilikuwa ya manjano katikati, ikikolea hadi kuwa nyeusi pembezoni, mithili ya jua linalotua. Nayo ilipoanza kubanduka, Ami alilipaka rangi ya kijani iliyobaki katika kopo baada ya kupaka mashua ya shemeji yake. Kile kipande chembamba kilicho juu ya shingo, ambacho nyuzi hukikalia kabla ya kufika kwenye funguo zake, kilipovunjika, alichonga kingine kwa mfupa wa ng'ombe, akakitia mifereji minne kwa tupa na subira. Kitufe cha kuongezea sauti kilipopotea, mahali pake pakakaa kifuniko cha chupa ya dawa. Na waya wa ndani ulipokatika, fundi redio wa mtaani aliulehemu kwa risasi nyingi kuliko haja, donge zima kama punje ya mbaazi. Wakati huo sikujua kwamba aliyelibuni gitaa lile naye alikuwa fundi redio. Lau ningejua, ningemwambia yule bwana kwamba kazi aliyoifanya ni ya ukoo wake.

Kisha kuna nyuzi. Sisi vijana wa bendi tulikuwa na desturi ya kuzichemsha. Nyuzi za besi zilikuwa ghali na hazikupatikana madukani, kwa hivyo zikifubaa tulizivua, tukazitia katika sufuria ya maji yanayotokota, zikatoa jasho na uchafu wa miezi, na kwa siku mbili tatu zikarudi kulia kama mpya. Ami hakuikubali desturi hiyo. Nyuzi zake zilikuwa za waya bapa, laini mkononi, zile zile za Baltimore.

"Ami, nyuzi hizi zimekufa," nilimwambia siku moja.

"Hazijafa, mwanangu. Zimeacha utoto."

Alinifundisha pia kwamba usahihi nao una mipaka yake. Katika baadhi ya maqam za taarab, kama Rasti na Bayati, kuna sauti inayokaa kati ya chuma na chuma. Udi huipata, fidla huipata, na besi la kusimama huipata, kwa kuwa vyombo hivyo havina vyuma shingoni. Gitaa la besi haliipati. Mpigaji mwenye haraka hubonya sauti iliyo jirani akadhani watu hawakusikia. Ami, kila wimbo ulipofika mahali hapo, alinyamaza. Aliiacha sauti ile ipite mikononi mwa wenye haki nayo, kisha akaingia baada yake, kwa adabu, kama mtu aliyempisha mzee mlangoni. Nimetafsiri mashairi kwa zaidi ya miaka 25, na sijapata somo la kutafsiri lililonifaa kuliko lile. Kuna neno ambalo lugha yako haina mahali pa kulibonya. Kheri unyamaze kidogo kuliko kubonya la jirani.

Ami alifariki mwaka 1994. Baada ya khitma mkewe aliniita ndani, akanikabidhi gitaa lile katika mfuko wa gunia alioushona mwenyewe. "Alisema ulipige," aliniambia. Hakusema nilitunze, wala hakusema limekuwa langu. Alisema nilipige.

Nikalipiga kwa miaka minne. Mwaka 1998 nilipata kazi ya kutafsiri iliyonipeleka London kwa miezi sita, nikalichukua gitaa pamoja nami, kwa kuwa watu wetu kule nao wanaoa na kuolewa, na harusi bila ya muziki ni mkutano. Ni katika harusi mojawapo ndipo kijana mmoja mwenyeji wa jiji lile alipolitazama kwa jicho la ajabu, akaniuliza kama najua ninachokishika. Wiki iliyofuata alinipeleka kwa bwana mmoja aliyekuwa akinunua, kuuza na kubadilisha magitaa ya besi ya kale, nyumbani kwake, katika chumba kilichojaa masanduku meusi kama ghala la majeneza madogo.

Biashara hii ina elimu yake, na nakiri kwamba ilinivutia kama inavyonivutia elimu ya wanaosoma miswada ya kale. Yule bwana hakuliunganisha gitaa na umeme kwanza, wala hakugusa uzi. Alifungua skrubu nne zinazoshika shingo, akaitoa taratibu, na mwisho wa shingo, mahali ambapo jicho halifiki, pakaonekana muhuri wa wino wenye mwezi na mwaka: 1964. Akafungua kifuniko cha mbele, akasoma tarakimu zilizogongwa mgongoni mwa vile vidude vya kuongozea sauti. Za mwanzo humtaja aliyevitengeneza, na zinazofuata hutaja mwaka na wiki. Akakagua kila tone la risasi. Akazima taa ya chumbani na kuwasha taa ya urujuani, ambayo chini yake rangi ya kale hung'aa kwa namna yake, na rangi iliyoongezwa baadaye hujifichua.

Kisha akanisomea hukumu. Mwezi wa Januari mwaka 1965 Leo Fender aliiuza kampuni yake kwa shirika la CBS kwa dola milioni 13, na wapenzi wa vyombo hivi huamini kwamba baada ya hapo kiwanda kilianza kutazama wingi kuliko uzuri. Kwa hivyo magitaa ya kabla ya mwaka huo yana bei ya peke yake, na la Ami lilikuwa upande wa kheri. Lakini lilikuwa limepakwa rangi upya, na desturi ya wafanyabiashara ni kwamba gitaa lililopakwa rangi upya hupoteza kiasi cha nusu ya thamani yake. Na kile kipande cha mfupa si cha kiwandani. Na lile donge la risasi. Na kifuniko cha chupa, ambacho kilimfanya atabasamu kwa mara ya kwanza. Kila alipotaja kasoro alikata fungu fulani la bei, na nilipokuwa nikimsikiliza ikanijia kwamba anachokikata ni kimoja tu. Alikuwa akimtoa Ami ndani ya gitaa, kipande kwa kipande, ili ajue lililobaki lina thamani gani.

Hata hivyo sikuinuka. Alinitolea gitaa jingine, la kampuni ile ile, la aina ya Jazz Bass, la mwaka 1976: mwili wa mbao yenye mistari mizuri, shingo nyembamba inayojaa kiganjani, na vyuma visivyolika. Halikuwa limebadilishwa hata skrubu moja. Alikuwa tayari kunipa hilo na pauni 600 juu yake.

Wakati ule nilikuwa na mswada wa diwani yangu ya kwanza, ambao ulikuwa umezunguka kwa wachapishaji na kurudi hadi karatasi zikachakaa pembeni. Sikuwa na shahada ya kunitangulia, wala mtu wa kunisemea. Pauni 600 zilitosha kuchapisha nakala 500. Nilipiga hesabu hiyo kichwani nikiwa nimesimama, na nikajiambia kwamba Ami alikuwa mtu wa kupenda maneno, naye angeridhika. Mtu anayetaka kufanya jambo hakosi maiti wa kumridhia.

Diwani ilitoka mwaka 1999. Sijutii mashairi yale, ingawa mengine leo ningeyaandika upya. Zipatazo nakala 60 zimo sandukuni bado, na mchwa wamezisoma kwa makini kuliko wahakiki.

Ama lile gitaa la 1976, nisilisingizie. Ni gitaa zuri, nami ninalipiga mpaka leo. Sauti yake ni wazi, kila uzi unatamka kama msomaji wa habari. Lakini ilinichukua mwaka mzima kuelewa kwa nini lilikuwa safi kiasi kile. Lilikuwa safi kwa sababu hakuna aliyelipiga. Mtu alilinunua, hakuliweza au hakulipenda, akalifungia. Sifa iliyolipandisha bei ilikuwa ni ushahidi kwamba halijapata kupendwa.

Katika miaka hiyo nilianza kusoma habari za James Jamerson. Alizaliwa mwaka 1936 katika kisiwa cha Edisto, jimbo la South Carolina, akahamia Detroit akiwa kijana, na huko akawa mpiga besi wa nyimbo nyingi mno za Motown. Watu walizicheza nyimbo zile dunia nzima bila ya kulijua jina lake, maana kwa miaka mingi majalada ya santuri hayakuwataja wapigaji. Ilikuwa hadi albamu ya Marvin Gaye ya mwaka 1971, What's Going On, ndipo jina lake likaandikwa. Mfasiri yeyote anaielewa hali hiyo. Alipiga kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia, kwenye Precision ya mwaka 1962, na nyuzi zake zilikuwa za waya bapa, ambazo hakuzibadilisha ila uzi ulipokatika. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu. Nilisikia sauti ya Ami chumbani: zimeacha utoto.

Gitaa la Jamerson liliibwa muda mfupi kabla ya kifo chake, mwezi wa Agosti mwaka 1983, na halijapatikana. Lau lingepatikana kesho, hakuna mfanyabiashara ambaye angethubutu kuzivua nyuzi zile wala kuufuta uchafu wake. Gitaa la McCartney nalo lilifanyiwa matengenezo makubwa na kupakwa rangi upya mwaka 1964, na sikusikia mtu yeyote akisema kwamba kwa ajili hiyo limepoteza nusu ya thamani. Soko husamehe mkono wenye jina. Mkono wa baharia wa Unguja ni kasoro. Mkono wa mwimbaji mashuhuri ni tarehe.

Mwaka 2013 nilirudi London kwa siku chache, nikamtafuta yule bwana. Nilimkuta amezeeka, na bado ni muungwana. Gitaa la Ami alikuwa nalo. Alikataa kuliuza miaka yote ile. Alilitoa sandukuni kwa fahari, na mimi nilichelewa kulitambua. Kijani chote kilikuwa kimeondolewa, kwa mkono, kazi ya miezi, na chini yake ikatoka ile rangi ya jua linalotua, imechujuka na kupasuka vizuri kama kigae cha kale. Alikuwa amewinda kitufe cha mwaka ule ule hadi akakipata. Ndani, risasi ilikuwa safi. Juu ya shingo palikaa kipande kipya, sawasawa na cha kiwandani.

"Sasa limerudi kama lilivyozaliwa," aliniambia, naye alisema kweli.

Aliniachia nilipige. Nikapiga mstari mmoja wa besi wa wimbo wa harusi ambao Ami alinifundisha wiki ya kwanza. Lilijibu vizuri, kwa sauti nene, iliyonyooka, lakini kama mtu aliyekulia ugenini ukamsalimia kwa lugha ya kwao: hutabasamu, hutambua kwamba kuna kitu kimesemwa, na hujibu kwa lugha nyingine. Bei yake kwa wakati huo ilikuwa imenizidi mbali, nami sikuiuliza mara mbili. Na hata ningekuwa na fedha, nisingejua ninunue nini. Lile nililolitoa halikuwapo tena popote duniani. Aliyelivunja si yeye. Yeye alimaliza tu kazi niliyoianza mimi siku ile nilipokubali hesabu zake.

Nilipoaga alinizuia mlangoni. Akaenda ndani, akarudi na bahasha ya kahawia. Watu wa biashara hii hawatupi kilichotolewa kwenye gitaa, hata kama hakina thamani. Ndani ya bahasha mlikuwa na kile kipande cha mfupa, kifuniko cha chupa ya dawa, na nyuzi nne zilizokunjwa kwa uzi wa kushonea. "Nilijua utarudi," alisema. Sikuweza kumjibu kwa lugha yoyote.

Niliporudi nyumbani nilitaka kukitia kile kipande cha mfupa kwenye gitaa langu la 1976. Hakikuingia. Shingo ya Precision ya Ami ilikuwa na upana wa milimita 44 mahali hapo, na ya Jazz Bass ni milimita 38. Ili kiingie ningelazimika kukikata milimita tatu kila upande, na huko pembezoni ndiko iliko mifereji miwili aliyoichonga kwa uzi wa kwanza na wa mwisho. Nilikishika pamoja na tupa kwa muda mrefu, kisha nikaiweka tupa. Kipande kile kipo mezani kwangu. Karatasi hizi ninazoziandika zimelaliwa nacho zisipeperushwe na kusi.

Nyuzi, lakini, zilikubali. Urefu wa uzi katika magitaa yote mawili ni mmoja, inchi 34. Nilizifungua taratibu, nikazipanga upya kwenye funguo mahali pale pale zilipokunjika. Ule mwembamba ulikatika kwa mlio mdogo kabla haujafika kwenye sauti yake. Zile tatu zilishika, na mahali pa wa nne nikatia mpya.

Tangu hapo gitaa langu halina sauti moja. Nyuzi tatu zinanong'ona na mmoja unapiga kelele, na mpigaji hana budi kuupunguza huo kwa kidole. Wiki iliyopita kijana ninayemfundisha alilalamika. Ana miaka 19, ana haraka, na ana masikio mazuri.

"Ami," aliniambia, "nyuzi hizi si zimekufa?"

Jibu nilikuwa nalo tayari, ninalo tangu mwaka 1987. Sikulitoa. Nilimrudishia gitaa mapajani, nikamwambia aanze tena tangu mwanzo, na asikimbie.